Vita iko kwetu, mikro iko kwa nani?

Usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025, watu wengi wa Goma walilala chini, mbali na madirisha. Umeme ulikuwa umekatika sehemu kubwa ya mji, maji vilevile, na intaneti haikupita. Telefone zilizobaki na chaji kidogo zilifanya kazi ya swali moja tu: "Kwenu hali iko namna gani?"

Aliyetaka jibu alikuwa na njia tatu: jirani wa upande wa pili wa ukuta, redio ndogo ya batri, ao audio ya WhatsApp iliyoingia mbele intaneti ikatike. Wakati uleule, watu wa Kinshasa, wa Nairobi na wa Paris walikuwa wanaangalia habari za Goma kwenye televisheni. Kumbe mtu wa mbali alijua habari ya avenue yetu kuliko sisi wenyewe tuliokuwa ndani.

Ndugu msikilizaji na msomaji, jambo hili si bahati mbaya. Habari ina njia yake, ina wenye kuishika, na ina wenye kuilipia. Katika vita, kujua njia hiyo ni sawa na kujua barabara gani iko wazi. Tuieleze polepole.

Visima vitatu

Kitu kikitokea Masisi, wa kwanza kujua ni mkaaji wa pale. Wa pili ni redio ya karibu, kama bado iko na mashini zake. Wa tatu ni mwandishi mmoja ao wawili wanaotumia habari kwa mashirika makubwa. Na mashirika hayo yanayouzia habari karibu dunia nzima ni matatu: AFP ya Ufaransa, Reuters yenye makao London, na AP ya Marekani. Yote yana mizizi katika karne ya 19. Havas, ambayo AFP ilitoka ndani yake, ilianza 1835, AP 1846, Reuters 1851.

Gazeti la Kenya, televisheni ya Brazil na redio ya Ubelgiji, mara nyingi zote zinanunua habari ileile ya shirika lilelile, kisha zinabadilisha kichwa tu. Njo maana ukisikia mtu anasema "vyombo mia vimetangaza," umuulize: vimechota kwenye visima mia, ao kwenye kisima kimoja?

Hatusemi mashirika haya yanadanganya. Waandishi wao wengi wanafanya kazi nzuri, tena katika hatari. Tatizo ni hesabu. Kutuma mtu mashariki ya Kongo kunaomba ndege, gari, mtafsiri na bima. Kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa toka mapigano ya mwezi wa kwanza 2025. Kwa hiyo mkubwa wa ofisi kule mbali anachagua siku: siku mji unaanguka, ao siku viongozi wanatia sahihi. Tarehe 27 mwezi wa sita 2025, mawaziri wa mambo ya inje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano Washington, na kamera zilikuwa nyingi. Lakini mama anayetembea kwa miguu toka Sake kuelekea Minova, mtoto mgongoni na bido mkononi, huyo hana kamera.

Lalamiko hili si la leo. Katika miaka ya 1970, inchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini zilisimama ndani ya Unesco na kusema: habari zetu zinasimuliwa na wengine. Tume ya Seán MacBride, mtu wa Irlande, ilitoa ripoti yake 1980. Ilionyesha wazi namna habari zinatoka upande mmoja kuelekea upande mwingine, na nguvu ya kusema imekusanyika kwa wachache. Mabishano yalikuwa makali. Marekani ilitoka Unesco mwisho wa 1984, Uingereza ikafuata 1985, na mjadala huo ulikuwa kati ya sababu. Ripoti ikabaki kwenye makabati.

Leo kuna tabaka jingine juu ya lile la zamani. WhatsApp, Facebook na Instagram ni za kampuni moja, Meta. X ni ya tajiri mmoja, Elon Musk, toka mwezi wa kumi 2022. Tunafikiri tuko na njia nyingi za kupashana habari, kumbe milango ni mingi lakini nyumba ni chache.

Bunduki na karatasi

Hiyo ni nguvu ya mbali. Kuna na ile ya karibu. Katika vita, kila upande unataka mikro iseme maneno yake.

Upande wa serikali, mwanzo wa 2025, televisheni ya Al Jazeera ilifanya mahojiano na mkubwa wa M23. Kwa siku chache tu, serikali ikawanyang'anya waandishi wake vibali, na CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari, ikasimamisha chombo hicho kwa siku 90. Waziri wa haki wa wakati ule aliandika kwamba mwenye kueneza habari za shuguli za waasi, hata akiwa mwandishi, anaweza kupata hukumu ya kifo.

Upande wa waasi, redio nyingi za Masisi na Rutshuru zilipoteza mashini, zingine zikanyamaza, na zile zilizobaki hewani zinajua nani anasikiliza. Mashirika ya kutetea waandishi, kama Journaliste en danger, yameandika mara nyingi juu ya waandishi waliotishwa, waliokimbia, ao waliojificha.

Kwa hiyo mwandishi wa redio ya kijiji yuko kati ya mawe mawili. Akisema "waasi wameingia," huku anaitwa msaliti. Akisema "jeshi la serikali limerudi," kule anaitwa adui. Akisema tu "barabara imefungwa, watu wanahama," kuna atakayemuuliza nani alimpa ruhusa. Wengi wanachagua kupiga muziki. Ukisikia redio yako inapiga muziki asubuhi nzima siku ya mapigano, usifikiri watu wake hawajui kitu. Pengine wanajua sana.

Na si hofu ya bure. Bukavu ilizika Serge Maheshe wa Radio Okapi, aliyeuawa tarehe 13 mwezi wa sita 2007, kisha Didace Namujimbo wa redio ileile, aliyeuawa tarehe 21 mwezi wa kumi na moja 2008.

Tulipita hapa

Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Mobutu. Inchi ilikuwa na redio na televisheni moja, ya serikali. Kila jioni, mbele ya habari kuanza, sura ya mkubwa ilionekana kati ya mawingu kama inashuka toka mbinguni. Hakuna aliyeuliza swali. Watu walitafuta ukweli kwa njia nyingine, ile tunaita mpaka leo *radio trottoir*: maneno ya sokoni, ya penye maji, ya ndani ya gari. Wakati mwingine radio trottoir ilisema kweli kuliko televisheni. Wakati mwingine ilizusha.

Milango ilianza kufunguka kiisha hotuba ya tarehe 24 mwezi wa ine 1990, iliyoruhusu vyama vingi. Bukavu, Radio Maendeleo ilianza 1993 kwa nguvu ya mashirika ya raia. Ilisema juu ya shamba, afya na bei ya soko, katika luga ambayo mama wa kijijini anaelewa. Sheria ya uhuru wa vyombo vya habari ilikuja 1996. Lakini 1999, wakati RCD ilitawala Bukavu, redio hiyo ilifungwa. Juu ya nini? Haikuwa na askari hata mmoja. Ilikuwa na kitu kingine: watu waliisadiki.

Wakati uleule, ng'ambo ya mpaka, tuliona kwamba redio isiyo ya serikali inaweza pia kuwa sumu. RTLM ya Rwanda ilianza kusikika 1993. Ilikuwa ya watu binafsi wenye pesa na wenye cheo, ilipiga muziki mzuri, ilichekesha. Mwaka uliofuata ilichochea mauaji ya kimbari yaliyolenga Watutsi. Tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 2003, korti ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa kati ya waanzishaji wake, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti Kangura. Rufaa ya 2007 ilipunguza vifungo, lakini fundisho lilibaki: maneno ya mikro yanaweza kuwa kosa la damu.

Na mwaka uleule wa 1994, wakati wakimbizi walijaa Goma na Bukavu, redio nyingine ilizaliwa Bukavu mwezi wa nane: Agatashya. Ilitafutia wazazi watoto waliopotea, ilisema maji safi yako wapi, ilikataa maneno ya chuki. Ilinyamaza 1996, vita ilipofika Bukavu. Kwa hiyo ndani ya miaka mitatu, eneo letu lilisikia redio ya kuua na redio ya kuokoa, zote kwenye mashini za namna moja. Tofauti ilikuwa nani anaishika, na anajibu kwa nani.

Anayelipa

Kuna namna ya kufunga redio bila bunduki wala barua: kukata pesa.

Mwezi wa tatu 2025, amri moja ilitiwa sahihi Washington, na siku iliyofuata wafanyakazi wa Sauti ya Amerika wakaambiwa wabaki nyumbani. Idhaa ya Kiswahili, iliyosikilizwa hapa kwetu toka miaka ya 1960, ikanyamaza. Idhaa ya Kirundi na Kinyarwanda vilevile. Msikilizaji wa Fizi ao wa Beni hakuulizwa kitu. Alifungua redio saa yake ya kawaida, akakuta kelele tupu.

Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 mwezi wa pili 2002 na inayosema katika luga tano, imefanya kazi kubwa kuunganisha inchi iliyokuwa imekatika vipande. Lakini inasimama juu ya mgongo wa Umoja wa Mataifa. MONUSCO ilimaliza kazi yake Kivu Kusini katikati ya 2024. Kila safari tunasikia majadiliano ya kuondoka kwake, tujiulize pia: sauti hiyo itabebwa na nani?

Redio ndogo nazo zina ugonjwa wao. Nyingi haziwezi kulipa mshahara. Mwandishi anaenda kwenye mkutano, na mwenye mkutano anampa franga za "usafiri." Sisi wote tunajua jina lake: *coupage*. Asubuhi mwenye mkutano anasikia jina lake redioni mara tatu, na mama aliyenyang'anywa shamba hasikiki hata mara moja, juu hakuwa na bahasha. Tusijidanganye kwamba nguvu ya kununua habari iko Ulaya na Marekani tu. Iko na hapa, kwa bei ndogo.

Sanduku lenye makufuli matatu

Sasa tugeukie upande mwingine, upande ambao kamera hazipendi.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka jumamosi magaribi. Siku tano kiisha pale, amri ikatoka ya kuondoa watu katika kartie kumi za Goma. Maelfu na maelfu wakaenda Sake, Minova, Bukavu, Rutshuru, ng'ambo ya Rwanda. Mbele misaada ipangwe, watu walikuwa wameshalala katika makanisa, masomo, na zaidi ya yote katika nyumba za watu. Mwezi wa pili 2025, wakati kambi za pembeni ya Goma zilipoambiwa zivunjike kwa muda wa siku chache, mambo yalikuwa yaleyale: wengine walirudi kwenye nyumba zilizobomoka, wengine wakabisha mlango wa shangazi, wa rafiki, ao wa mtu waliyesali naye.

Familia inayopokea haitangazwi. Lakini kama unahesabu sahani, utaona yeye njo shirika kubwa la misaada mashariki ya Kongo. Sombe ya watu sita inaliwa na watu kumi na tano. Tuseme pia ukweli: upendo una mwisho wa unga. Familia inayopokea inachoka, inakopa, inatoa mtoto masomo. Kusifu "moyo wa Wakongomani" bila kusaidia mpokeaji ni kumwachia mzigo na kumpigia makofi.

Njo maana vikundi vya akiba vina maana kubwa. Katika MUSO, mutualité de solidarité, kuna masanduku matatu. La kijani ni la mikopo, kwa pesa za wanamemba. Jekundu ni la misiba: mtu akifiwa, akiungua, akikimbia, anapewa, harudishi. La buluu ni la pesa zinazotoka inje. Katika AVEC, sanduku ni moja lakini lina makufuli matatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata rais wa kikundi. Na linafunguliwa mbele ya wote, pesa inahesabiwa kwa sauti.

Benki za Goma na Bukavu zilipofunga milango 2025, watu wengi waliona thamani ya sanduku la jirani. Waliona pia hatari yake: sanduku lililo nyumbani linaweza kuibwa, na kikundi kikisambaa, deni linasambaa nacho. Hakuna dawa ya kila kitu. Lakini kanuni ya makufuli matatu inastahili kuangaliwa tena, juu ni dawa ileile tunayohitaji kwa mikro.

Redio ya jamii ya kweli inafanana na sanduku lile. Ufunguo mmoja uko kwa waandishi, wanaojua kazi. Wa pili uko kwa kamati inayochaguliwa na wasikilizaji, inayoweza kuuliza: juu ya nini kartie yetu haisikiki? Wa tatu uko kwa wanaochanga, kila mtu kidogo, ili mtu mmoja mwenye pesa asiseme "redio ni yangu." Redio ambayo funguo zote tatu ziko mfukoni mwa mheshimiwa mmoja, ao mfadhili mmoja, inaweza kusema vizuri leo. Kesho hatujui.

Na redio za FM zina jambo ambalo sateliti haina. Mawimbi ya FM yanaenda kama jicho: mlima ukikinga, hayapiti. Kwa hiyo redio ndogo juu ya kilima inafikia bonde lake, si zaidi. Wengine wanaona huo ni uzaifu. Sisi tunaona kwamba mtu anayesema anakutana na wasikilizaji wake sokoni kesho yake. Akidanganya, watamwambia usoni.

Audio ikifika kwenye telefone yako

Fikiri jambo hili. Saa mbili usiku, audio inaingia: "Wameshafika kwenye daraja, kimbieni!" Una watoto wane na bibi mgonjwa. Ukikimbia bure, mnaweza kukutana na mvua, na majambazi, na nyumba itaibwa nyuma yenu. Ukibaki bure, ni maisha. Hakuna mwandishi wa London atakayekusaidia kwa dakika hizo. Maswali haya manne yanaweza kusaidia.

Kwanza: nani anasema, na yuko wapi? Sauti isiyo na jina, isiyo na mahali, isiyo na saa, si habari bado. Ni kelele.

Pili: ni ya lini? Audio ya 2012, wakati M23 iliingia Goma mara ya kwanza, inaweza kurudi leo kama mpya. WhatsApp ikionyesha mishale miwili, maana yake ujumbe umeshapita mikono mingi.

Tatu: kuna mtu wa pale ninayeweza kumwita? Si aliyeisikia kama wewe, bali aliye karibu na daraja. Shefu wa nyumba kumi, muuguzi wa kituo cha afya, mwendesha pikipiki anayepita njia ile. Wawili wasiojuana wakisema kitu kimoja, hapo uzito unabadilika.

Ine: maneno haya yanataka nifanye nini? Yakikuambia barabara gani ni salama, yanakusaidia. Yakikuambia kabila gani ni adui, yanakutumia. RTLM ilianza hivyohivyo, kwa mzaha na kwa majina.

Kama maswali haya hayapati jibu, usitume mbele. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kati ya anayetuma na anayepokea. Hata kampuni yenyewe haisomi maneno yake. Hakuna polisi wa kuusimamisha njiani. Ni kidole chako tu.

Na sisi wa redio tuna deni letu. Tusitangaze jeshi liko wapi wala familia fulani imejificha wapi. Tuseme tunachojua na tukatae kujaza nafasi kwa uvumi. Tukikosea, turekebishe katika saa ileile ya habari, kwa sauti ileile, si usiku wakati watu wamelala. Na tangazo la mtoto aliyepotea lipite bila malipo, mbele ya tangazo la pombe.

Klabu za wasikilizaji zinazosoma makala haya pamoja, tunawaachia kazi moja ya kuzungumza juma hili: katika kartie yenu, siku umeme na intaneti vikikatika tena, nani ana redio ya batri, nani anajua kituo cha afya kinachofanya kazi, na nani atapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wazee na wasiosikia? Andikeni majina hayo kwenye karatasi sasa, wakati kuna mwanga.